Kikombe, Sarafu na Seleniamu: Fani na Maudhui katika Picha Nyeusi-Nyeupe za Ifakara

Makala haya yanadhamiria kuchokoza mjadala ambao sisi wanafunzi wa fasihi tumeuzoea kiasi cha kuusinzia, yaani uhusiano wa fani na maudhui. Kila aliyepita kidato cha tano anaijua mifano miwili inayoutawala. Wa kwanza ni wa kikombe na chai: fani ni kikombe, maudhui ni chai, na mnywaji anaweza kuimimina chai katika chombo kingine bila kuibadili ladha yake. Wa pili ni wa sarafu: fani na maudhui ni pande mbili za kitu kimoja, na ukiondoa upande mmoja huna sarafu tena. Kila mtahiniwa anajua pia kwamba mtihani ukisema "jadili", jibu linalotakiwa ni sarafu. Tunaandika sarafu, tunapata alama zetu, tunakwenda zetu kula wali maharage.

Lakini je, mfano huu wa sarafu umewahi kubanwa sawasawa? Mimi nadai bado. Sarafu ina pande mbili, sawa; pande hizo zimegongwa juu ya nini? Kati ya sura ya kiongozi upande huu na sura ya mnyama upande ule kuna madini. Katika mijadala yetu ya darasani madini hayo hayatajwi kabisa, kana kwamba sura mbili zinaweza kuelea hewani zimegusana migongo. Hapo ndipo ninapotaka kuingilia, na chombo nitakachotumia kubania si riwaya wala tamthiliya. Ni picha nyeusi-nyeupe, zile zilizosafishwa kwa mkono katika chumba cha giza, na hasa kazi moja ya chumba hicho: kuiogesha picha katika seleniamu.

Najua watakaonuna. Kemikali zinatafuta nini katika jarida la fasihi? Jibu langu ni fupi. Tumekwisha kukubali kwamba ngonjera, vichekesho, katuni na hata kanga ni matini zinazostahili kuhakikiwa. Kanga moja ina maneno sita tu na watu wameiandikia tasnifu. Picha ya harusi iliyotundikwa ukutani ina mtunzi, ina wahusika, ina mandhari, na ina hadhira ambayo imekaa nayo sebuleni kwa miaka arobaini, jambo ambalo riwaya nyingi tunazozisoma kwa mtihani haziwezi kujivunia. Anayetaka kuitoa picha hiyo nje ya uwanja wa uhakiki atuambie kwanza kigezo chake ni kipi.

Basi hebu tuangalie picha inavyotengenezwa, maana bila hapo tutabaki kupiga porojo. Karatasi ya picha hupakwa utando wa jelatini wenye chembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukiangukia chembe hizo, kisha karatasi ikatumbukizwa katika dawa ya kusafishia, chembe zilizoguswa na mwanga hugeuka kuwa fedha halisi, laini mno, na kwa ulaini huo huonekana nyeusi. Zile ambazo hazikuguswa hubaki kama zilivyokuwa, na lazima ziondolewe, la sivyo karatasi ikitoka nje itaendelea kusawijika. Dawa ya kuziondoa ni thaiosalfeti. Mafundi wa picha huiita kwa kifupi chake cha Kiingereza, na kifupi hicho katika sikio la Mswahili kinasikika hivi: haipo. Siwezi kulipita neno hilo bila kusimama. Roland Barthes, Mfaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya picha, alishikilia kwamba kiini cha picha ni ushahidi kuwa kitu fulani kilikuwepo mbele ya kamera. Kumbe ndani ya sinia, kilichokuwepo hakiwezi kusimama mpaka haipo ipite na kuondoa kila ambacho mwanga haukukigusa.

Baada ya haipo ni kuosha kwa maji, na hapa wengi huharakisha. Karatasi ya zamani, ile isiyo na utando wa plastiki, hunywa dawa mpaka ndani ya nyuzi zake. Kuitoa dawa hiyo kunahitaji maji yanayopita kwa nusu saa hadi saa nzima. Karatasi ya plastiki iliyoenea kuanzia miaka ya 1970 huoshwa kwa dakika chache tu. Haipo ikibaki ndani ya karatasi, baada ya miaka inaanza kuila fedha na kuifanya sulfaidi, na picha inageuka njano-kahawia. Unyevu nao, ukishirikiana na moshi na hewa chafu, huichukua fedha kidogo kidogo na kuipandisha juu ya uso wa picha, ndipo unapoona sehemu nyeusi zinang'aa kama kioo ukiinamisha picha dirishani. Anayetaka kuyaona haya yote kwa mpigo aende bonde la Kilombero. Ni bonde la mafuriko lililomo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu tangu mwaka 2002, lenye mvua zinazoweza kuzidi milimita 1,200 kwa mwaka, joto la kutosha, kuvu, mchwa, na moshi wa kuni unaopanda hadi kwenye fremu. Maji ya kuoshea picha yalikuwa tele pande zote, katika Kilombero na Lumemo na vijito vyote vya mpunga. Yaliyoadimika ni ya bomba, yanayopita saa nzima juu ya karatasi moja.

Seleniamu inaingia mwishoni, baada ya picha kuwa tayari. Mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, aliitambua elementi hii mwaka 1817, akaipa jina la mwezi kwa Kigiriki, kwa kuwa ndugu yake teluriamu ilikuwa imeshapewa jina la dunia. Fundi huchanganya dawa ya seleniamu na maji, sehemu moja kwa sehemu tatu ikiwa anataka kuiona rangi, au moja kwa ishirini ikiwa anataka kulinda tu, kisha anaiogesha picha kwa dakika kadhaa. Dawa inanuka amonia na ni sumu. Hakuna fundi mwenye akili anayeitia mkono mtupu. Weusi unakuwa mzito zaidi, na picha inaweza kuelekea kwenye zambarau iliyofifia au kahawia nyekundu, kutegemea karatasi. Tena dawa hii ni mchongezi: picha ambayo haipo haikuikamilisha kazi yake, seleniamu huitia madoa mara moja.

Kwa mtazamaji, hicho ni kipodozi. Rangi kidogo, weusi kidogo, ndiyo fani hiyo. Lakini kinachotokea ndani ya jelatini ni kingine kabisa. Fedha iliyokuwa inaifanya picha inaungana na seleniamu na kuwa selenaidi ya fedha, kitu ambacho hewa na gesi zake hushindwa kukila kirahisi. Hakuna kilichopakwa juu. Rangi uliyoiona na uimara usiouona ni tendo lile lile moja, katika chembe ile ile moja. Ukisema "nataka uimara, rangi sitaki", unaweza kuipunguza dawa mpaka rangi isionekane. Ukisema "nataka rangi ile, uimara sitaki", chumba cha giza hakina namna ya kukupa.

Sasa turudi kwenye sarafu. Mtetezi wa sarafu atashangilia: si nilisema, havitenganiki! Subiri kwanza, ndugu yangu. Sarafu inasema pande mbili ni sawa kwa sawa, zimelala mgongo kwa mgongo, na kila mhakiki anaweza kuigeuza mkononi aone anayoutaka. Picha inasema kuna kitu cha tatu, nacho ndicho kinachoumia. Kiswahili chenyewe kimekuwa kikituambia siku zote: neno letu la madini hayo ni fedha, na neno letu la kulipia ni fedha. Fedha iliyomo ndani ya picha ilinunuliwa. Karatasi ilinunuliwa, dawa ilinunuliwa, na saa nzima ya maji na ya fundi ni gharama. Ninadai kwamba uhakiki unaozungumzia fani na maudhui bila kuuliza juu ya kile vilichogongwa juu yake, na nani alikigharimia, umeacha swali la kwanza kabisa. Kitabu cha mashairi kilichochapwa kwenye karatasi ya gazeti na kubanwa kwa pini mbili kina fani na maudhui kama kile chenye jalada gumu. Nenda maktaba ukitafute baada ya miaka thelathini.

Sasa Ifakara. Nitachambua picha tatu zilizomo katika nyumba moja ya Lipangalala, nyumba ya bibi yangu mzaa mama, na sitataja majina ya waliomo kwa sababu wengine bado wako hai na hawajaniruhusu.

Ya kwanza ni ya arusi. Bibi harusi amesimama, bwana amekaa, nyuma yao pazia lililochorwa ngazi za mawe zinazopanda kwenda kusikojulikana. Gauni la bibi harusi limeliwa. Palipokuwa na lesi pamebaki doa moja la njano, huwezi kujua mikono ya gauni iliishia wapi. Hii ndiyo kawaida ya picha za fedha zinapokufa: sehemu nyepesi zina fedha kidogo, basi zinatangulia kuondoka. Sehemu nzito hudumu. Uso wa bibi harusi ni mweusi, kwa hiyo uko. Uso wa bwana uko. Koti lake nalo liko, limekunjamana mabegani kwa kuwa ni kubwa kumzidi.

"Bibi, hili koti la babu lilikwenda wapi?" nilimuuliza.

"Koti la babu yako, mjukuu wangu? La mpiga picha hilo. Wote walilivaa hilo hilo. Nenda kwa majirani utaliona."

Nilikwenda, na ni kweli. Mhakiki wa kawaida angeishia kwenye maudhui: vijana wa bonde walijitungia utu mwingine, utu wa mjini, kwa koti la kuazima. Ni sawa, lakini ni nusu ya habari. Kwa kufa kwake, picha inaihariri hadithi hiyo. Gauni lililokuwa fahari ya siku limekwenda. Koti la watu wote limebaki kwa sababu tu lilikuwa jeusi. Na nyuso, ambazo hakuna aliyeziazima, zimebaki kuliko vyote. Hakuna mtunzi aliyekusudia haya. Yametokana na mahali fedha ilikolala kwa wingi na mahali ilikolala kwa uchache.

Ya pili ni ya kijana mwenye redio. Ameishika begani kama mtoto. Nyuma yake imechorwa bahari, minazi na meli moja yenye moshi, yote hayo mamia ya kilomita kutoka pwani. Katika istilahi zetu hiyo ni mandhari, na tumefundishwa kwamba mandhari hubeba maana. Hapa mandhari inasema uongo unaokubalika na pande zote: mpiga picha anajua, kijana anajua, mtazamaji anajua. Kijana huyu alifanya kazi ya kubeba mizigo pale stesheni baada ya reli ya TAZARA kukabidhiwa mwaka 1976, kwa hiyo kama alitaka ishara ya safari alikuwa nayo mlangoni kwake, tena ya chuma. Hakupiga picha na garimoshi. Alipiga na meli ambayo hajawahi kuipanda. Kazi haipigwi picha siku ya mapumziko. Hilo linatosha, na nisingependa kulipakia nadharia zaidi ya hapo. Picha yenyewe imepata ule ung'aavu wa kioo sehemu zote nzito, kiasi kwamba ukisimama mbele yake mchana huoni kijana wala redio, unajiona mwenyewe.

Ya tatu nitaiweka kiporo kidogo.

Picha hizi za ukutani zina ndugu zake wa mbali ambao ni lazima tuwataje. Ifakara ni mji uliopigwa picha sana na wageni. Wakapuchini wa Uswisi walishika kazi ya misheni katika eneo hili tangu mwaka 1921. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alifungua hapo maabara ya taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki, ambayo mwaka 1996 iligeuka kuwa kituo cha Kitanzania cha utafiti wa afya, na tangu mwaka 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Padri, mtawa, daktari, mtafiti wa mbu na papasi: walipopita watu hawa kamera ilipita nao. Fani ya picha za aina hii, si za Ifakara tu bali za misheni na maabara za Afrika nzima, inafahamika. Katikati kuna vazi jeupe, la mtawa au la daktari. Pembeni kuna watu weusi, wakati mwingine wengi. Maelezo ya chini humtaja mwenye vazi jeupe kwa jina lake, na waliobaki kwa kabila au kwa ugonjwa.

Hapa ufundi unageuka kuwa siasa, nami naomba msomaji asinitoroke. Kamera haiwezi kuushika weupe wa kanzu inayopigwa na jua la saa sita na uso mweusi ulio kivulini vyote kwa ukamilifu. Mpiga picha lazima achague. Akipima mwanga kwa ajili ya kanzu, nyuso zinazama. Katika mkanda hakuna kitu pale, ni uwazi mtupu, na kwenye karatasi uwazi huo unakuwa weusi mtupu usio na macho wala mdomo. Sasa ichukue picha kama hiyo uiogeshe katika seleniamu. Dawa hii hushika sehemu nzito kwanza. Itaukamata weusi ule usio na uso, itauongezea kina, itaulinda dhidi ya gesi na unyevu. Msomaji anaona ninakoelekea. Kutoonekana kwa mtu yule kutadumu kwa ubora wa juu kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na wapenzi wa picha wanaoizungumzia seleniamu kana kwamba ni wema mtupu. Nabii wao ni Mmarekani Ansel Adams, aliyefariki mwaka 1984, ambaye katika kitabu chake juu ya uchapaji wa picha alieleza utaratibu wake wa kuzitia picha katika dawa hii. Mabonde na majabali yake ya Yosemite ni mazuri, sina ugomvi. Weusi wake una kina ambacho ukikiona unataka kunong'ona. Lakini hayo ni mandhari yasiyo na wahusika. Mtu akiingia katika picha, swali la nini kinastahili kuwa cheusi na nini kinastahili kudumu haliwi tena la ladha.

Mpiga picha wa studio ya mtaani pale Ifakara, pamoja na pazia lake la ngazi za kwenda kusikojulikana, alichagua kinyume. Aliupima mwanga kwa ajili ya uso, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake akiwa na pesa mkononi. Gauni liliungua likawa jeupe tupu, potelea mbali. Nadhani huu ndio uamuzi wa kisanaa ulio mkubwa kuliko yote katika picha ile, na ulifanywa na mtu ambaye hajawahi kuitwa msanii.

Kwingineko pwani mafundi walikuwa na majibu yao. Katika karne ya 19, picha za karatasi ya ute wa yai ziliogeshwa katika dhahabu kama desturi ya kawaida ya kazi, na hizo ndizo enzi za studio ya A. C. Gomes pale Unguja. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kubandika picha ndani ya maua na maumbo mengine, akafanya mkasi kuwa kalamu yake. Hao wametafitiwa, wameandikiwa, wameonyeshwa. Bara, katika miji ya mpunga na miwa kama yetu, studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka, na ilipofungwa mikanda iligeuka takataka.

Sasa kuna watakaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati: piga picha ya picha kwa simu, ihifadhi, yamekwisha. Ni hoja nzito kuliko inavyoonekana, maana inaipa nguvu ile hoja ya kikombe tuliyoidharau. Mwezi Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa karibu picha 100,000 zitumike bure katika intaneti, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam zama za Mjerumani. Leo mwanafunzi aliye Ifakara anaweza kuziona askari na wapagazi wale kwa simu yake. Chai imemiminwa katika kikombe kingine, na inanyweka. Siwezi kulikataa hilo kwa ajili tu ya kulinda hoja yangu.

Ila tazama kilichoipata seleniamu katika safari hiyo. Programu za kurekebishia picha zina kitufe cha seleniamu. Unabonyeza, picha inapata ile zambarau ya mbali na ule weusi mzito. Hakuna fedha, hakuna selenaidi, hakuna kinacholindwa na chochote. Faili litapotea siku simu ikitumbukia majini kama ambavyo lingepotea bila kitufe. Lile ambalo chumba cha giza kilikataa kulitoa, yaani rangi bila uimara, sasa linapatikana kwa kidole kimoja. Basi nalazimika kuirekebisha kauli ya darasani: fani na maudhui si kwamba havitenganiki. Vinatenganishika vizuri tu, pale kitu cha tatu kilichovishikilia kinapoondolewa. Na vikishatenganishwa, fani huwa nyepesi, huuzika haraka, huenda popote. Nawaachia wenzangu wanaohakiki mashairi yanayoigwa kwa mizani kamili na vina kamili wajionee wenyewe.

Lazima niseme pia kwamba seleniamu yenyewe si kinga kamili. Uchunguzi uliofanywa Marekani kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 juu ya filamu ndogo za kuhifadhia nyaraka ulionyesha kuwa dawa iliyochanganywa nyepesi haizilindi ipasavyo sehemu zenye fedha kidogo. Dawa za salfaidi zilifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo hata kama picha ya arusi ya Lipangalala ingeogeshwa katika dawa nyepesi, gauni huenda lingeliwa vile vile, na nyuso zingesalia kama zilivyosalia. Tofauti ingekuwa kwenye koti, na kwenye ule ung'aavu wa kioo. Si kubwa sana, ukifikiri.

Nilisema picha ya tatu ni kiporo. Ni ndogo, ya ukubwa wa kiganja, ya msichana mmoja peke yake, na kama fani ya picha haina la ajabu: kifua na kichwa, nyuma pazia tupu. Imefifia kuliko zote. Lakini iko nje ya fremu, kwa hiyo unaweza kuigeuza, na nyuma imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Kwa shemeji, ukumbusho wa siku ya leo." Hakuna tarehe. Msichana aliona leo inatosha. Aliyeandika alibonyeza kwa nguvu, labda juu ya paja, na herufi zimetokeza upande wa pili, zimepita shavuni na shingoni kama mistari iliyovimba. Ukiinamisha picha kwenye mwanga wa mlango unaweza kusoma "ukumbusho" kinyumenyume juu ya uso wake. Binamu yangu ameshazipiga zote kwa simu na kuzituma kwenye kundi la ukoo, kila moja kwa upande wake wa mbele.